Mrejesho: ofisi ya safari iliyotupangia kuwinda na kuvua Yukon, kaskazini mwa Kanada

Wadau habari zenu. Kuna watu wamekuwa wakiniuliza inbox kuhusu ile ofisi iliyotupangia safari ya kuwinda na kuvua Yukon, kule juu kabisa kaskazini magharibi mwa Kanada inakopakana na Alaska, nikaona bora niweke mrejesho mmoja wote msome. Jina la ofisi siliandiki maana kuna jambo la hela bado hatujamalizana, ila ni ofisi ya hapa hapa Dar, ndogo, haina mbwembwe, na kwa sehemu kubwa nawasifia kwa moyo wote.

Tulikuwa mimi, mjomba wangu na rafiki yangu mmoja. Mjomba ndo mwindaji, amewinda miaka mingi kwa leseni ya mkazi huko pande za Tabora, sisi wawili ni watu wa ndoano, wikiendi utatukuta Kunduchi tunasubiri boti. Alichokuwa anakitaka mjomba ni musi, yule mnyama mkubwa wa kule mwenye pembe pana bapa, dume lililokomaa la Yukon linaweza kupita kilo mia sita.

Kabla ya kufika kwao tulizunguka ofisi kadhaa, Posta, Masaki, hadi moja ya Sinza, na kila ukiingia swali la kwanza ni bajeti shilingi ngapi na mnataka kuondoka lini. Ofisi moja ilituambia kwa kuwa nina binamu Edmonton, mji wa jimbo la Alberta, na ana uraia wa Kanada basi yeye ndo atatupeleka porini, tutaokoa hela nyingi. Hiyo ni hatari jamani. Yukon mgeni wa kutoka nje ya Kanada haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa bila kampuni ya uwindaji iliyosajiliwa pale, na kila kampuni ina eneo lake lililogawiwa kama vitalu vya huku kwetu. Ule utaratibu wa kuongozwa na mtu binafsi upo, ila ni kwa Wakanada wenyewe wakiongozwa na mkazi wa Yukon, sasa binamu anaishi Alberta na sisi tuna pasi za Tanzania, tunaingilia mlango gani hapo? Tungekamatwa na bunduki ya watu msituni na mnyama amelala chini, tungeeleza nini.

Ofisi nyingine ikatuonyesha picha ya mtu amekumbatia salmoni wa aina ya chinuki, ikasema hao mtavua mpaka mchoke, mto Yukon umejaa. Aprili 2024 jimbo la Alaska la Marekani na Kanada walisaini makubaliano ya kusimamisha uvuvi wa chinuki wa mto Yukon kwa miaka 7, maana wamepungua vibaya sana. Na miaka 7 ni kizazi kizima cha samaki huyo, anazaliwa juu mtoni, anaenda kukulia baharini, anarudi kutaga, wengine wanapanda karibu kilomita 3,000 kutoka Bahari ya Bering mpaka Whitehorse, mji mkuu wa Yukon. Watu wa asili wa kando ya mto ule, waliokula samaki huyo tangu enzi za mababu, wameambiwa waache, halafu wewe wa Sinza unaniuzia mimi. Tukaaga tukaondoka.

Ndo tukafika kwa hawa. Tulipokelewa na dada mmoja, akamwamkia mjomba shikamoo, akatuletea maji, akafungua daftari. Hakuuliza bajeti. Aliuliza mjomba ana shida ya magoti? Anatumia dawa gani, kuna ya kuwekwa kwenye friji? Nani kati yenu anaogopa ndege ndogo? Uzito wako kaka ni kilo ngapi? Nilishangaa kuulizwa uzito ofisini mbele za watu lakini nikajibu. Halafu akamgeukia mjomba, akamuuliza, "Mzee wangu, ukimpata huyo mnyama, kilo mia mbili na kitu za nyama, unataka zikaliwe na nani?"

Mjomba akanyamaza kwanza. Kwetu tumezoea nyama inagawanywa kijijini hapo hapo, hakuna anayeuliza. Dada akaeleza taratibu kwamba Yukon kuacha nyama iharibike porini ni kosa kisheria, lazima itolewe hata kama wewe unataka pembe tu, na kuileta Bongo kwa ndege ni safari ndefu ya vibali ambayo watu wengi hawaianzi, kwa hiyo liulize mapema, kampuni nyingi za kule zinaigawa kwa wazee na familia za vijiji vya karibu. Mjomba akasema basi iende kwa wazee. Akaandika. Pale pale nikajua hela yangu itabaki hapa, kwa sababu mtu anayewaza nyama itafika wapi kabla hujalipa hata senti ameshaitembea hiyo safari kichwani mwake mpaka mwisho.

Mkataba wa kampuni ya kule alitusomea kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili. Kimoja alikirudia mara mbili: hela inalipia uwindaji, hailipii mnyama, ukirudi mikono mitupu hairudi. Na hela yenyewe sio ya mchezo, uwindaji wa musi ukiongozwa na mwindaji bingwa wao unaanzia dola elfu ishirini na kitu za Kimarekani na kupanda, nauli bado, leseni bado, na inabidi ushike nafasi mwaka mmoja hata miwili kabla kwa sababu msimu ni mfupi, Agosti mpaka Oktoba. Sisi tuliochukua kuvua tu tulilipa kidogo kulinganisha na mjomba, ila "kidogo" ya kule sio ya huku. Alishauri mjomba achukue Septemba, ndo musi wanaingia msimu wa kupandana na dume anaitika akiitwa, na mbu wa Juni na Julai, ambao kule ni wengi kupita maelezo, wanakuwa wameshapungua.

Upande wa viza wako vizuri sana. Maombi ya viza ya kutembelea Kanada ni dola 100 za Kanada na alama za vidole dola 85, na hizo alama zinadumu miaka 10 kwa hiyo ukiomba tena ndani ya muda huo hurudii. Kila barua waliipitia, taarifa za benki, barua ya kampuni ya uwindaji, hati za nyumba ya mjomba. Na kitu ambacho ofisi nyingine zote hawakukigusa, waliangalia njia ya ndege isipite Marekani. Kuna tiketi za bei nafuu zinapita Marekani, ila kule hata ukibadilisha ndege tu uwanjani unatakiwa uwe na viza yao, watu wamezuiwa kupanda ndege kwa hilo. Sisi tukapita Addis, Toronto, Vancouver, halafu Whitehorse. Ni mbali jamani. Jiandae kisaikolojia.

Bunduki, mjomba alitaka abebe yake. Dada hakumkatalia, alimwekea hesabu mezani: vibali vya kuitoa hapa, kila nchi unayopita ina masharti yake, na ukifika Kanada unajaza fomu ya tamko la silaha kwa mgeni, dola 25 za kwao, inadumu siku 60. Au unaazima ya mwindaji bingwa na kuitumia yeye akiwa pembeni anakusimamia. Mjomba akaazima. Alinung'unika siku kadhaa, mtu na bunduki yake mnajua wenyewe, ila baadaye alisema ile ya kuazima ilikuwa nzuri kuliko alivyotarajia.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni orodha ya vifaa. Walitupa karatasi ambayo ukiisoma unaona kabisa ni ile ile wanayowapa wapandaji wa Kilimanjaro, wamebadilisha kichwa cha habari tu. Fimbo za kutembelea zipo, kofia ya jua ipo, ila suruali ya mpira ya kuingilia mtoni hakuna, neti ya kichwa hakuna, na ndani wameandika fulana na soksi bila kusema za nini. Kwenye baridi ya maji maji pamba ni adui, ikilowa haikauki na haikupi joto tena, unatakiwa sufu au zile nguo za michezo za kukimbilia mbio. Binamu wa Edmonton ndo alituokoa kwa simu. Nguo zote za joto nikazipata Karume, soko la mitumba, na hapa niwaambie ukweli, usiende kununua jaketi la baridi dukani kwa laki nne wakati Karume ipo. Nenda alfajiri wanapofungua mabelo, shika sweta geuza ndani usome kile kitambaa cha shingoni, tafuta sufu tupu, nyoosha mikono juu uone kama kiuno kinabaki wazi, kagua zipu mpaka mwisho. Nilitoka na masweta mazito na jaketi la mvua lililozibwa kwa gundi kwenye mishono yote, bei yake nikimwambia mtu haamini. Viatu tu ndo nilinunua vipya.

La pili uzito. Tiketi ilisema begi kilo 23, wao wakaishia hapo. Ila kutoka mjini kwenda kambini unapanda ndege ndogo inayotua majini, na rubani ana mzani wake pale kando ya maji. Anapima begi, anakupima na wewe ukiwa na viatu vyako na koti, anaandika, anajumlisha, kikizidi kinabaki. Na hataki sanduku gumu, anataka begi laini analoweza kulisukumiza mkiani. Rafiki yangu alikuwa na sanduku la magurudumu, ikabidi ahamishie vitu kwenye kiroba barazani huku wenzetu wameshapanda wanamsubiri. Dada alituuliza uzito wetu mapema kabisa, sasa hizo namba zilienda wapi? Nilipomuuliza tuliporudi alisema alizituma kampuni ya kule, ila aliyetuandalia karatasi ni mwenzake. Basi waongee humo ndani.

La tatu ndo kubwa, bima. Walituuzia bima ya safari ya kawaida, nikaisoma usiku mmoja nyumbani nikakuta inalipa hospitali lakini hailipi kutolewa porini kwa helikopta. Yukon nzima ina watu elfu 45 na kitu tu, wengi wao wako Whitehorse, ukubwa wake ni kama nusu ya Tanzania, sasa ukivunjika mguu bondeni huko hakuna bajaji. Helikopta ndo ambulensi yako na bili yake inaweza kumfilisi mtu. Tulilazimika kununua nyingine yenye uokoaji, na ile ya kwanza tunadai irudishwe. Waliahidi.

Kule kwenyewe sitaandika sana, huu ni mrejesho wa ofisi. Ila nisiache kusema kwamba kila walichokisema kuhusu kambi tulikikuta. Mwongozaji wetu alikuwa na simu ya setelaiti kiunoni muda wote, waya wa umeme kuzunguka stoo ya chakula kwa ajili ya dubu, na samaki tulikuwa tunawapasulia mbali na mahema, matumbo yanaenda kwenye maji yanayokimbia, halafu mnanawa mpaka harufu itoke. Tulivua greiling, samaki mdogo tu wa mtoni, ila pezi lake la mgongoni likisimama ni kama tanga la ngalawa, lina madoa ya zambarau na ukimtoa kwenye maji rangi inaanza kufifia hapo hapo mkononi. Mwongozaji alitaka ndoano zisizo na kile kijino cha nyuma ili samaki unayemrudisha asichanike, ukilegeza mshipi kidogo tu kaondoka. Kwa mvuvi wa changu na jodari kama mimi ile ni shule nyingine kabisa.

Mjomba alimpata musi wake. Nyama ilitoka kwa ndege kwa awamu, ikaenda kwa wazee kama ilivyoandikwa kwenye daftari la dada, mwongozaji alitutumia picha. Pembe bado ziko kule, zinahitaji kibali cha kutoka Yukon na cha kuingilia huku, ofisi inafuatilia na mpaka sasa wanapokea simu za mjomba bila kuchoka, na mjomba anapiga kweli kweli.

Kwa hiyo kama unataka kwenda, tafuta hela kwanza, anza mapema, na ukifika kwao ombi langu ni moja, sema unataka kuhudumiwa na yule dada mwenye daftari mwanzo mpaka mwisho, na karatasi ya vifaa usiichukue kwao, iombe kampuni ya kule moja kwa moja. Maswali ya bima waulizeni kwa maandishi: je, inalipa helikopta, ndio au hapana. Jina la ofisi nitampa anayenitumia ujumbe. Hela ya ile bima ya kwanza bado haijarudi, wamesema mwisho wa mwezi huu, ikiingia nitakuja kuandika hapa hapa chini na nikiona kimya pia nitaandika.