Mashine ndogo ya kukereza chuma nyumbani Nairobi: uzoefu wangu

Yeyote anayefikiria kununua mashine ndogo ya kukereza chuma (ile inayozungusha kipande huku kisu kikikichonga) hapa Nairobi anapaswa kwanza kujibu swali ambalo wauzaji hawaliulizi: kwa nini usimpelekee fundi? Kariobangi Light Industries na Industrial Area kuna mafundi wenye mashine kubwa za zamani, nzito kuliko gari dogo, ambao watakukerezea bushi (bomba fupi la kuvalishwa kwenye mhimili) ukiwa umesimama pale pale ukisubiri, na kwa malipo ambayo mashine ya mezani haitaweza kuyarudisha hata uitumie kwa miaka. Tathmini nyingi za mashine hizi huandikwa na watu wa Uingereza na Marekani, ambako kazi ya mkono ni ghali na karakana ya karibu huenda isikubali kazi ya kipande kimoja. Kwetu, mshindani wa kweli wa mashine hii ni fundi huyo, na ndiye niliyempima nayo katika maelezo yanayofuata.

Niliamua kununua kwa sababu ya kazi ambazo mafundi hao hawazitaki. Mimi hufufua baiskeli za Black Mamba na cherehani za zamani katika chumba cha nyuma ya nyumba yetu Buruburu, na kazi hizo zinahitaji skrubu na bushi ndogo sana. Fundi mmoja wa Kariobangi, mtu hodari na mpole, aliigeuzageuza kiganjani skrubu ya milimita nne niliyompelekea kisha akanirudishia. "Mzee, hii ni ya fundi wa saa," akasema. "Mimi hapa nakereza ekseli za lori." Alikuwa na haki. Taya za mashine yake zingeimeza skrubu ile.

Mashine niliyonunua ni ya aina ile inayotengenezwa China na kuuzwa duniani kote kwa rangi na majina tofauti, huku muundo wa ndani ukiwa karibu sawa. Inaweza kuzungusha kitu chenye kipenyo cha milimita 180 juu ya kitanda, na umbali kati ya vichwa viwili ni milimita 350. Spindo, yaani mhimili unaozungusha kipande, ina tundu la milimita 20 na mchongoko wa Morse namba 3 ndani yake (Morse ni vipimo vya tundu linalopungua upana kuelekea ndani, la kushikia vifaa). Kichwa cha nyuma kina mchongoko wa Morse namba 2. Kasi hurekebishwa kwa kitufe, kutoka takribani mizunguko 50 hadi 2,500 kwa dakika, katika ngazi mbili za giya. Uzito wake ni karibu kilo 40, hivyo watu wawili huibeba bila taabu, jambo ambalo ni faida siku ya kuhama na hasara kila siku ya kazi, kwa kuwa wepesi katika mashine ya kukata chuma ndio mama wa mtetemo.

Kuhusu bei, nitasema tu kwamba bei inayoonekana kwa muuzaji wa ng'ambo si bei ya kufika mlangoni. Ongeza usafiri, ada za forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kisha uweke kando kiasi kingine cha fedha kwa ajili ya visu, kalipa nzuri ya kupimia unene, geji ya mshale ya kupimia kuyumba, na kishikio cha taya nne cha kubania kipande. Mashine pekee haikati kitu.

Sanduku lilipofika, mkono mmoja wa kuzungushia ulikuwa umevunjika, na muuzaji alijibu barua yangu ya kwanza haraka na zile zilizofuata polepole sana. Hatimaye niliukereza mwenyewe mkono mwingine, nao ukawa kazi ya kwanza ya mashine. Ndani ya sanduku kulikuwa pia na glavu za bure. Sijui ni nani aliyefikiri kwamba mtu anayesimama mbele ya chuma kinachozunguka mara elfu moja kwa dakika anahitaji kitu cha kumvuta mkono ndani. Glavu zilienda bustanini.

Jambo ambalo mnunuzi lazima alielewe ni kwamba anachouziwa ni vipuri vilivyokwisha kuunganishwa kwa ajili ya safari, na kazi ya kuvigeuza kuwa mashine imeachiwa yeye. Kila sehemu ilikuwa imepakwa mafuta mazito mekundu ya kuzuia kutu, yaliyochanganyika na vumbi la kusagia. Mafuta hayo si ya kulainisha, na anayeiwasha mashine yakiwa bado humo anasugua vitelezi vyake kwa mchanga. Nilifungua kila kitu isipokuwa spindo, nikaosha kwa mafuta ya taa, nikapiga tupa kingo zote zilizokuwa na makali, kisha nikaunganisha tena kwa mafuta safi. Vile vipande vyembamba vya chuma vinavyobana vitelezi ndivyo vinavyohitaji subira kuliko vyote: ukivilegeza kisu kinatikisika, ukivikaza kupita kiasi mkono unakuwa mzito na skrubu inalika. Nilivisugua juu ya kioo kilichobandikwa msasa hadi vikakaa sawasawa, na tofauti iliyoonekana katika ulaini wa chuma kilichokerezwa ilikuwa kubwa kuliko tofauti iliyoletwa na kifaa chochote nilichonunua baadaye.

Baada ya hapo nilijaribu unyoofu wake kwa njia ya kawaida: fimbo ya chuma laini ya milimita 25, iliyoshikwa upande mmoja tu na kutokeza kama milimita 100, ikakerezwa kidogo sana mwanzoni na mwishoni bila kugusa kisu katikati ya vipimo hivyo viwili. Tofauti ya kipenyo ilikuwa 0.04 mm. Nilikuwa nimeifunga mashine kwenye meza ya mbao ambayo haikuwa tambarare, na bolti zilikuwa zinapinda kitanda chenyewe. Kwa kuweka vipande vya bati la kopo chini ya mguu mmoja, tofauti ilishuka hadi 0.01 mm, nami nikatosheka. Kishikio cha taya tatu kilichokuja na mashine huyumba kwa karibu 0.07 mm, kiwango ambacho si kibaya kwa kishikio cha aina hiyo. Kazi inayotaka usahihi zaidi huwekwa kwenye taya nne na kusawazishwa kwa geji.

Beringi za spindo zilikuwa za mipira, namba 6206, beringi ya kawaida kabisa ambayo mtu huipata Kirinyaga Road bila kuzunguka. Zinafanya kazi, lakini hazipendi kusukumwa kwa kufuata urefu wa spindo. Wengi huzibadilisha kwa beringi za roli zenye mchongoko, namba 30206, zenye kipenyo kile kile cha ndani cha milimita 30 na cha nje cha milimita 62. Tahadhari iliyopo ni unene: 6206 ina milimita 16 na 30206 ina 17.25, kwa hiyo pete za nafasi zilizo kwenye spindo lazima zipunguzwe, na ni vyema kuzikereza kabla ya kufungua spindo, kwa sababu baada ya kuifungua hutakuwa na mashine ya kuzikerezea. Mimi nilifanya badiliko hilo, na mtetemo wakati wa kukata kipande kukitenga na fimbo ulipungua sana, ingawa haukuisha.

Kuhusu umeme, hakikisha umeagiza mashine ya volti 220 hadi 240 na hezi 50, maana zile zinazotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 110. Swichi ya yangu ina tabia njema: umeme ukikatika kisha ukarudi, mashine haijiwashi mpaka ubonyeze tena kitufe, na katika jiji hili tabia hiyo ina thamani. Sehemu dhaifu ni bodi ya elektroniki inayotawala kasi. Umeme ukirudi kwa kishindo, hiyo ndiyo hutangulia kufa, na kuipata nyingine huchukua wiki za kusubiri. Niliweka kifaa cha kulinda volti kati ya ukuta na mashine, cha aina inayouzwa kwa ajili ya majokofu, na tangu hapo sijapata tatizo.

Sasa uwezo wenyewe. Kwa kisu cha HSS (chuma kigumu cha kukatia kwa kasi) na chuma laini, kasi ya kukatia ya takribani mita 30 kwa dakika inafaa, ambayo kwa fimbo ya milimita 25 ni karibu mizunguko 380 kwa dakika. Kwa kasi hiyo mashine inaingia nusu milimita kwa upande bila kulalamika. Ukifika milimita moja inaanza kuimba, na ukizidi hapo mota inanung'unika na giya za plastiki zilizo ndani ya kichwa zinakukumbusha kwamba ni za plastiki. Fundi wangu wa Kariobangi hutoa milimita tatu kwa mpito mmoja huku akizungumza na simu. Kwa alumini na shaba ya manjano, hata hivyo, mashine ni raha tupu. Visu vya kabaidi, vigumu kuliko vya HSS, vinavyouzwa kwa seti havikunifaa kwenye chuma laini, kwa kuwa makali yake butu hudai nguvu na kasi ambayo mashine hii haina. Kisu cha HSS cha milimita 8, kilichonolewa kwa grainda ya benchi na kumaliziwa kwa jiwe la mafuta, kinatoa uso unaong'aa na gharama yake ni ndogo.

Kazi iliyonifanya niipende ni hesi za baiskeli, yaani mikato ya skrubu ambayo nati hupandia. Ekseli za nyuma za Black Mamba zangu ni za inchi 3/8 na zina hesi 26 kwa inchi, kipimo cha Kiingereza, maana yake hatua moja ya hesi (umbali kutoka mkato mmoja hadi unaofuata) ni 0.977 mm. Hatua hiyo iko karibu sana na milimita moja, na ukaribu huo ndio mtego: anayekata hesi ya milimita moja kwenye fimbo ya unene huo huo atakuta nati ya zamani inaingia mizunguko michache kisha inauma. Skrubu ndefu ya mashine yangu, ile inayosogeza kisu ikiendeshwa na spindo kupitia giya za kubadilisha, ina hatua ya milimita 1.5, na kanuni ya vitabu inasema kwamba ili kupata vipimo vya inchi kikamilifu unahitaji giya ya meno 127, ambayo haimo kwenye seti na isingeenea ndani ya kifuniko. Lakini giya ya meno 57 ikiendesha ya 35, na ya 20 iliyo kwenye mhimili mmoja na hiyo ya 35 ikiendesha ya 50, hatua inayotoka ni 0.9771 mm. Katika mizunguko kumi ya hesi kosa ni kama 0.002 mm, na hakuna nati ya baiskeli itakayoligundua. Nilipoona nati ya zamani ikipanda kwa vidole kwenye ekseli mpya hadi mwisho, niliacha kuhesabu gharama.

Wakati wa kukata hesi za inchi kwa namna hii usifungue nati inayoshika skrubu ndefu, kwa sababu hutaipata tena njia ile ile. Rudisha kisu nyuma, geuza mota irudi, kisha uingize upya. Kwa kuwa mota huishiwa nguvu kasi inaposhuka sana, nimetengeneza mkono unaoingia nyuma ya spindo ili hesi fupi nizikate kwa kuzungusha mwenyewe, umeme ukiwa umechomolewa. Ni polepole, na sijawahi kugonga bega la kazi (pale kipande kinaponenepa).

Malighafi si tatizo. Maduka ya chuma ya Industrial Area hukata fimbo kwa urefu unaotaka, na kwa wauza vyuma chakavu wa Gikomba unapata mifereji mikuukuu ya maji ya shaba ya manjano na vipande vya ekseli. Ekseli za gari ni bahati nasibu. Nyingine hukerezeka vizuri na nyingine humaliza makali ya kisu kabla hujamaliza sentimita moja.

Baadaye niliongeza mashine ndogo ya milingi (ambayo kisu ndicho huzunguka na kazi husogezwa juu ya meza) ya ukoo huo huo, na kwayo sina shauku sawa. Nguzo yake imeundwa iweze kuinama kulia na kushoto, nayo imefungwa kwa nati moja kubwa. Uwezo huo wa kuinama sijawahi kuuhitaji, ilhali ulegevu unaoletwa nao nauhisi kila siku. Kabla ya kazi yoyote inayojali unyoofu huzungusha geji ya mshale juu ya meza na kusawazisha nguzo upya. Kisu cha milimita 10 kwenye chuma laini kinaingia nusu milimita kwa utulivu. Kazi lazima isukumwe dhidi ya mzunguko wa kisu; ukiipeleka kwa kuufuata mzunguko, ulegevu wa skrubu za meza unakiruhusu kisu kuivuta kazi ghafla na kuvunjika. Kwa kuchimba mifereji ya kii (kipande kidogo kinachofunga puli kwenye mhimili wake) kwenye puli za cherehani inatosha. Anayeagiza sasa hupewa kuchagua spindo ya Morse namba 3 au ya R8, aina nyingine ya tundu la kushikia vifaa. Mimi nina Morse, na kila nikibadilisha kishikio inanibidi nilegeze bolti ndefu ya juu kisha niigonge kwa nyundo ndipo kiachie, kipigo ambacho beringi za spindo hukisikia. R8 huachia kwa urahisi zaidi, na kama ningekuwa naagiza leo ningechukua hiyo, pamoja na jiliwa (kibanio cha kazi) dogo la chuma cha kusubu, maana jiliwa linalouzwa pamoja na mashine huinua kazi upande mmoja kila unapolikaza.