HoloLens 2 kando ya mkono wa roboti

Anayefanya kazi kando ya mkono wa roboti hana namna ya kujua utaelekea wapi mpaka uwe umekwisha kuondoka ulipo. Binadamu mwenzake hugeuza macho au bega kwanza, naye akapishwa. Chuma hakina dalili hizo. Ndiyo maana HoloLens 2, miwani ya uhalisia mseto (inayochora picha za kompyuta juu ya mazingira halisi) ambayo Microsoft iliitangaza Februari 2019 kwa bei ya dola 3,500, naipima kwa swali moja: je, inamwonyesha mtu nia ya roboti kabla haijatenda?

Inamwonyesha, tena vizuri. Tuliiunganisha na UR5, mkono wenye viungo 6 unaobeba kilo 5 na kufika milimita 850, na programu ikawa inachora hewani njia ambayo mkono unakusudia kuipita, pamoja na umbo lake hafifu mahali utakaposimama. Ukiona mstari unakatiza pale ulipoweka vifaa vyako, unausogeza kwa vidole, ndipo unaruhusu roboti ianze. Vioo vyake hupitisha mwanga, hivyo roboti yenyewe haipotei machoni hata miwani ikizimika. Hilo nalithamini kuliko mengine yote, kwani miwani inayoonyesha mazingira kwa kamera ikikwama humwacha mtu gizani, naye yu jirani na mashine inayotembea.

Upungufu wake mkubwa ni eneo la picha, lenye nyuzi 52 tu kwa mshazari: ukisimama karibu, njia hukatwa, nawe hulazimika kugeuza kichwa ili kuuona mwisho wake. Uzito wa gramu 566 unavumilika. Betri ya saa 2 hadi 3 haimalizi zamu. Tena picha hukaa sawasawa na roboti kwa sababu tu tumebandika alama ya QR, inayosomwa na miwani, kwenye kitako cha roboti, na kitako kikihamishwa bila kupima upya, mstari utakaopotoka kwa sentimita chache ni hatari kuliko kutokuwa na mstari kabisa. Kitufe cha dharura cha kusimamisha roboti kibaki palepale mkononi mwa mtu.

Utengenezaji wake ulisitishwa mwaka 2024, na masahihisho ya usalama yatakoma Desemba 31, 2027. Aliye nayo aitumie. Anayeanza sasa asiinunue, na programu zake aziandike kwa kiwango cha OpenXR ili ziweze kuhamia miwani nyingine.