Huduma ya ofisi ya usimamizi wa majengo Mbeya: ombi la kupunguza kodi ya fremu

Nina fremu kadhaa za maduka kando ya barabara kuu, upande wa Mwanjelwa, ambazo usimamizi wake nimeukabidhi kwa ofisi moja ya hapa jijini. Sitaitaja jina, kwa kuwa nina malalamiko nayo pia. Ninachokipima hapa ni namna walivyoshughulikia barua ya mpangaji wangu, muuza vipuri vya pikipiki, aliyeomba kodi ya shilingi 300,000 kwa mwezi ishushwe baada ya upanuzi wa barabara ya njia nne, kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kuwanyima wateja wake mahali pa kuegesha.

Kilichonifurahisha ni kwamba hawakumwonea huruma tupu wala hawakumtisha, bali walimtaka alete ripoti za mauzo za EFD, mashine ya kutolea risiti. Nyingine zilikuwa zimefifia wino hata zikasomwa kwa kuinuliwa dirishani, lakini afisa wao alizipitia zote, akilinganisha kila mwezi na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia. Kwa Mbeya hilo ni jambo kubwa, maana fedha za mpunga wa Mbarali zikishaingia mjini baada ya mavuno kila duka huchangamka, na mvua zikikolea kila mfanyabiashara hulia. Ikaonekana kwamba mauzo yameshuka kweli.

Walipendekeza alipe 200,000 kwa miezi sita, tena mwezi kwa mwezi badala ya kwa mkupuo, nusu ya tofauti isamehewe na nusu ailipe wakati wa kuhuisha mkataba. Nilikubali, kwa sababu mpangaji mpya, kama angepatikana, naye angeikuta barabara imechimbwa vilevile. Nyongeza ya mkataba ilisainiwa mbele ya wakili, ikiwa na kifungu kinachorudisha kodi ya awali muda huo ukiisha, pasipo kuandikiana barua nyingine.

Dosari zipo. Majibu yalichelewa kwa wiki kadhaa huku mpangaji akiwa hajui aagize mzigo au afunge duka, na rasimu ya kwanza haikueleza kodi ya zuio ya asilimia 10, ile ya serikali ambayo mpangaji huikata kwenye pango, itakatwa kwenye kiasi kipi. Baya zaidi, ada yao ya usimamizi wanaendelea kuikokotoa kwa 300,000, fedha ambayo haijaingia mfukoni mwa mtu yeyote. Hadi watakapolirekebisha hilo, nawapa nyota tatu kati ya tano, na mkataba wao wa mwakani sijausaini.