Yamaha CS-80 na mguso wa funguo zake

Vinanda vingi vya analogi vya miaka ya 1970, yaani vile vinavyounda sauti kwa saketi za umeme, havitambui kama umevipiga kwa upole au kwa nguvu. Ukibonyeza ufunguo wa Minimoog ya mwaka 1970, au wa Prophet-5 iliyotoka mwaka 1978, waya mwembamba hugusa fimbo ya chuma na saketi hupata habari moja tu, kwamba noti imeanza. Ukiuachia, hupata habari ya pili, kwamba noti imekwisha. Nguvu ya kidole haifiki popote. Ndiyo maana mpigaji wa vinanda hivyo hutia hisia kwa mkono wa kushoto, akizungusha vifundo vya filta, yaani kichujio cha sauti, au kusukuma gurudumu la kupinda sauti, huku mkono wa kulia ukibaki na kazi ya kuchagua noti na kuamua zidumu kwa muda gani.

Funguo za vinanda hivyo viwili zilitengenezwa na Pratt-Read, kampuni ya Connecticut nchini Marekani, ambayo katika karne ya 19 ilichonga funguo za piano kwa pembe za ndovu zilizosafirishwa kutoka Zanzibar. Kufikia zama za sinthesaiza, yaani vinanda hivi vya umeme, plastiki ilikuwa imeshachukua nafasi ya pembe. Ni funguo nyepesi zinazorudi upesi, na kwa melodi za kasi nazipenda mno, ila vipande vidogo vya mpira vilivyo ndani yake hukauka kwa uzee, na hapo funguo huanza kuyumba na kugongagonga.

CS-80, iliyotolewa na Yamaha ya Japani mwaka 1977, ni habari nyingine kabisa. Ina funguo 61 na hutoa noti nane kwa wakati mmoja, kila noti ikiwa na tabaka mbili za sauti. Ubora wake naupima kwa jambo moja: imetenganisha pigo na mkandamizo, ikampa mpigaji mamlaka juu ya kila kimoja. Pigo ni kasi ya ufunguo unaposhuka. Mkandamizo ni uzito unaouongeza kwa kidole wakati noti imeshalia na ufunguo umeshafika chini. Kila kimoja kina vitelezi vyake, yaani vidhibiti vya kusukuma, kimojawapo cha ukali wa sauti na kingine cha ukubwa wake, hivyo unaweza kuamua kwamba pigo la nguvu litoe noti kali bila kuikuza, na kwamba sauti ikue baadaye tu, kidole kinapoulemea ufunguo. Mkandamizo huohuo unaweza pia kuchochea mtetemo wa noti, ukaanza pale unapoutaka na kufifia unapolegeza kidole.

Tena mkandamizo hupimwa kwa kila ufunguo peke yake, na hapa ndipo kinanda hiki kinapostahili sifa zake zote. Chagua sauti ya tarumbeta, shika noti tatu kwa mkono wa kulia bila kukaza, kisha kiegemeze kidole cha mwisho peke yake. Noti ya juu hufunguka, hung'aa na kujitokeza mbele ya wenzake, ilhali hizo mbili zimetulia palepale. Hamishia uzito kwenye kidole gumba, na ya juu hurudi nyuma huku ya chini ikipanda. Kwenye Yamaha DX7 ya mwaka 1983, ambayo nayo huhisi mkandamizo, ukilemea ufunguo mmoja noti zote unazozishika hubadilika pamoja. Anayesikiliza kazi za Vangelis, mtunzi Mgiriki aliyekipenda sana kinanda hiki, atatambua jinsi noti moja inavyovimba katikati ya nyingine muda mrefu baada ya kupigwa.

Juu ya funguo kuna utepe mrefu wa kupinda sauti, na umebuniwa kwa busara: popote kidole kinapotua kwanza ndipo panapohesabiwa kuwa mwanzo, kwa hiyo huhitaji kutafuta alama yoyote kabla ya kuteleza.

Kasoro zake ni nzito, kuanzia uzito wenyewe, unaokaribia kilo 100. Nafasi za kuhifadhi sauti ulizotunga mwenyewe ni nne tu, nazo hupangwa kwa vitelezi vidogo mno vilivyofichwa chini ya kifuniko. Haina MIDI, mfumo wa kuunganisha vyombo vya muziki vya kielektroniki, kwani ulikuja mwaka 1983. Joto huvuruga ulinganifu wa noti, na noti ileile inaweza kutoka na rangi tofauti kidogo kutegemea ni saketi ipi kati ya nane imeipokea. Wapo wanaoiona tofauti hiyo kuwa uhai wa kinanda, nami nakubaliana nao ikiwa ndogo. Ikizidi, kinanda hakifai kupigwa pamoja na vyombo vingine hadi kirekebishwe.

Anayetaka mguso wa aina hii bila gharama na mzigo wa chombo cha kale ajaribu kinanda cha Hydrasynth cha mwaka 2019, ambacho huhisi mkandamizo wa kila ufunguo ingawa sauti yake huzalishwa kidijitali. Na anayeandaa fedha za kununua CS-80 asiridhike na rekodi ya muuzaji. Apandishe vitelezi vya mkandamizo, kisha apite ufunguo mmoja mmoja, wote 61, akianza kwa kugusa kidogo na kuongeza uzito polepole. Ufunguo unaopayuka mara tu unapoguswa, au usiobadilika hata ukilemewa, utahitaji fundi anayeujua mfumo huu, na mafundi wa namna hiyo ni wachache.