Nimeuziwa fotokopi, na bado sijui nimpe muuzaji nyota ngapi

Zambarau, jamani. Toleo la kwanza la Alter-Ego, kijarida cha mashabiki wa katuni za mashujaa, lile alilolitoa Jerry Bails kule Detroit mwaka 1961, wino wake ni wa zambarau, kwa sababu lilichapwa kwa mashine ya spiriti. (Ndugu yake ni ile ya stensili iliyotuchapia mitihani shuleni, ila ya spiriti haitoi nakala nyingi kabla rangi haijafifia.) Hilo analijua kila mtu anayekusanya vijarida vya zamani vya mashabiki wa katuni za mashujaa. Muuzaji wangu, aliyeandika "nakala halisi" kwa herufi kubwa, ama halijui ama analijua vizuri mno.

Kifurushi kilifika mwezi uliopita, au ule wa kabla yake. Nafungua: maandishi meusi tii, karatasi nyeupe kama sanda, pini mbili mpya zinang'aa. Fotokopi! Hela niliyotoa siitaji, mke wangu anaweza kuyasoma haya.

Nikapiga simu. Nikamweleza kwa adabu kabisa kwamba sikununua maneno. Nilinunua karatasi zenyewe, zile zilizobeba mzaha ambao Roy Thomas, akiwa bado kijana wa Missouri, aliuchora juu ya Justice League, lile kundi la mashujaa wa katuni, miaka kumi na moja kabla hajawa mhariri mkuu wa kampuni ya katuni ya Marvel. Unajua alinijibu nini? "Maneno si ni yaleyale? Wewe unasoma rangi?"

Unasoma rangi! Nimefanya kazi na watu wenye dharau, lakini huyu ni mwalimu wao. Nikampa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haibonyezeki.

Sasa ngoja. Jioni nachukua bahasha niitupe, naona nzito. Ili fotokopi yake isikunjike njiani, jamaa alikuwa ameikaza kwa vipande viwili vya boksi, na katikati ya vile vipande amebandika gazeti kuukuu la njano. Navuta. Rocket's Blast-Comicollector! Ya miaka ya sitini, nzima, imepungukiwa jalada la nyuma tu. Lile la G. B. Love wa Miami, mtu aliyekuwa na ulemavu wa kupooza ubongo, viungo havimtii, na bado akaendesha kijarida kilichowaunganisha wauzaji na wanunuzi wa katuni Marekani nzima. Kurasa tele za matangazo, watu wakiuza kwa dola chache vitu ambavyo leo vinanunua nyumba. Nililisoma mpaka saa nane usiku. Na huyu bwana kalifanya la kufungashia!

Nikapandisha hadi nyota mbili. Asubuhi tatu. Halafu nikakumbuka ile "unasoma rangi", nikarudisha moja.

Juzi kaniandikia mwenyewe, mpole kama maji ya mtungi. Atanirudishia hela yote, hata ya posta, mradi nirudishe kifurushi "kama kilivyofika, na vyote vilivyokuwamo".

Sijamjibu. Bahasha iko juu ya kabati, fotokopi ndani, na maboksi yake mawili. Gazeti liko chini ya mto wangu.