Lincoln Park Zoo, Chicago: kiingilio bure, lakini usiingie kichwa kichwa

Siku zote 365 za mwaka unapita getini bila kuulizwa tiketi, uwe mkazi au mgeni. Bustani hii ya wanyama ilianza mwaka 1868 na jozi mbili za bata maji wa shingo ndefu walioletwa kutoka Central Park ya New York, na ni miongoni mwa chache kubwa za Marekani ambazo bado hazitozi kiingilio. Kosa la wageni wengi huanzia hapohapo kwenye bure: wanataka kumaliza kila banda kwa siku moja, wanafika saa sita mchana simba wameshalala, wanatoka miguu inauma na hawajaona kitu. Eneo lenyewe si kubwa. Chagua mabanda mawili au matatu, kaa utazame, urudi siku nyingine.

Bure hiyo haifiki kwenye maegesho. Ukija na gari binafsi, saa chache tu zinaweza kukugharimu zaidi ya dola 30. Panda basi namba 22 linalopita Clark Street, au 151.

Jengo la simba ni la mwaka 1912, matofali mekundu na dari refu la upinde, nalo lilifunguliwa upya mwaka 2021 baada ya ukarabati mkubwa. Kazi nzuri zaidi iliyofanyika humo huioni kwa macho. Kabla ya kuchora uwanja mpya, wataalamu waliandika kwa muda mrefu simba wanapenda kukaa wapi na wakati gani, kisha wakajenga kwa kufuata takwimu hizo: miinuko ya kuangalia mbali, vivuli, na sehemu zinazopashwa joto wakati wa baridi na kupozwa wakati wa joto. Simba akilala karibu na kioo ujue sehemu hiyo imetengenezwa ili alale hapo. Hata hivyo, simba anaweza kulala saa 20 kwa siku, kwa hiyo fika mapema. Mara nyingi milango hufunguliwa saa nne asubuhi. Kwa msemaji wa Kiswahili majina nayo yana utamu wake: dume aliitwa Jabari, mmoja wa majike Hasira, na mtoto aliyezaliwa 2022 akapewa jina Pilipili. Usishangae ukimkosa uliyemfuata. Bustani za Marekani huhamishiana wanyama ili ndugu wasizaliane.

Kibao cha maelezo hakitoshi kueleza uhusiano wa jengo hili na Tanzania. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Bustani hii imeshiriki kwa miaka mingi kuchanja mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi hiyo dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa. Mbwa akipona, simba naye anapona, na mtoto wa kijijini haumwi na mbwa mwenye kichaa.

Kwenye jengo la sokwe mtu na gorila, tafuta kichuguu bandia. Watunzaji huweka chakula laini ndani ya vitundu, na sokwe huchokoa kwa kijiti kama wenzao wa Gombe wanavyovua mchwa. Ili upige picha safi, zima mwanga wa kamera na ugandamize lenzi kwenye kioo. Ukisimama mbali utapiga sura yako mwenyewe. Usigonge kioo, wala usimkodolee macho gorila dume, kwani kwake huo ni ugomvi. Na hawa si gorila wa Bwindi au Virunga. Ni wa nyanda za chini za Afrika Magharibi na Kati; gorila wa milimani huwakuti katika bustani yoyote ya Marekani.

Kifaru mweusi hapa ni wa Afrika Mashariki, jamii ileile ya Ngorongoro na Nairobi. Mtazame mdomo wa juu uliochongoka, anavyoutumia kama kidole kuchuma majani. Kifaru mweupe ana mdomo mpana wa kulishia nyasi, na hiyo ndiyo alama ya kumfundisha mtoto, maana kwa rangi wote ni kijivu.

Majira ya baridi, twiga na vifaru huweza kuwekwa ndani, lakini dubu wa aktiki na nyani wa theluji wa Japani ndipo wanapochangamka. Vaa vizito, upepo wa Ziwa Michigan lililo jirani hauna huruma. Tembo hakuna msimu wowote, mweleze mtoto kabla hamjaondoka nyumbani.

Chakula cha ndani ni ghali kwa kiwango chake, bora ubebe chako. Lakini kuanzia masika hadi kiangazi angalia juu kabla ya kukaa kula. Korongo wa usiku, ndege wa porini walio hatarini kutoweka katika jimbo la Illinois, hujenga viota kwa mamia kwenye miti ya humu bila kualikwa na mtu. Benchi lenye madoa meupe mengi liko chini ya viota vyao.