Uzoefu Wangu wa Kusambaza Nyimbo Mtandaoni Nikiwa Mwanza

Tathmini hii inahusu huduma moja ya usambazaji wa muziki wa kidijitali, yaani kampuni inayopokea wimbo kutoka kwa msanii asiye na lebo, ikaufikisha kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki kama Spotify, Apple Music, Boomplay, Audiomack na YouTube Music, kisha ikakusanya mirabaha na kumlipa mwenyewe. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyasema, mazuri na mabaya, niliyaona pia katika masharti ya washindani wake, na msomaji atafaidika zaidi akijua cha kuuliza kabla hajajisajili popote. Mimi ni mwimbaji na mpiga gitaa. Naimba kwa Kiswahili na Kisukuma, wikiendi napiga katika hoteli za Capri Point na za ufukweni upande wa Nyegezi, na sehemu kubwa ya kipato changu hutokana na harusi na sendofu.

Niseme mapema kwamba fedha za kusikilizwa majukwaani peke yake hazinilipii kodi ya chumba Kirumba. Naendelea na huduma hii kwa ajili ya ulinzi wa rekodi zangu YouTube na kwa ajili ya taarifa za wasikilizaji, mambo ambayo matangazo ya kampuni huyataja kwa herufi ndogo chini kabisa.

Kuhusu gharama, wasambazaji wa aina hii wana njia kuu mbili. Wapo wanaotoza ada ya mwaka na kumwachia msanii mirabaha yote, kama afanyavyo DistroKid, na wapo wanaokata asilimia ya kila kinachoingia, kama CD Baby, ambao huchukua asilimia 9. Kampuni niliyoichagua haitozi chochote mwanzoni, bali hukata asilimia 15. Wenzangu wengi wanapendelea ada ya mwaka, na kwa msanii anayesikilizwa sana hesabu yao ni sahihi. Lakini ada hiyo hulipwa kwa dola kupitia kadi, na isipolipwa nyimbo zinaweza kuondolewa majukwaani. Kwa mtu ambaye kipato chake hupanda baada ya mavuno ya pamba na mpunga na kushuka mvua zinapoanza, deni lenye tarehe maalumu ni mzigo nisioutaka.

Kupakia wimbo ni kazi ya jioni moja, ila masharti yake hayakuandikwa kwa kumfikiria msanii anayerekodi Igoma. Studio nyingi za hapa humkabidhi mteja wimbo wa MP3 kwa WhatsApp, naye huridhika kwa sababu unasikika vizuri kwenye simu na kwenye daladala. Msambazaji hutaka faili la WAV lisilobanwa, ambalo kwa wimbo wa dakika nne hufikia takriban MB 40, na prodyuza asiyetunza kazi zake atakuambia kompyuta ilishafutwa. Nashauri WAV idaiwe siku ileile masta inapolipiwa, pamoja na biti tupu isiyo na sauti ya mwimbaji, ambayo waandaaji wa sherehe huiomba mara kwa mara.

Kava nayo ina vipimo vyake: iwe mraba, pikseli 3,000 kwa 3,000, na isiwe na namba ya simu. Sharti hilo la mwisho lilinishangaza, kwa maana katika nyimbo za Kisukuma zinazosambaa kanda hii namba iliyoandikwa kwenye picha ndiyo ofisi ya msanii. Mwenye sherehe huipiga akapatana bei na kikundi. Kava yangu ya kwanza ilirudishwa kwa sababu hiyo. Katika orodha ya lugha hapakuwa na Kisukuma, lugha ya kabila lenye watu wengi kuliko yote nchini, hivyo wimbo ambao hauna sentensi moja ya Kiswahili ulilazimika kuandikishwa kuwa wa Kiswahili. Nashuku ndiyo maana mapendekezo ya mashine yaliupeleka kwa watu walioukatiza baada ya sekunde chache.

Lililonichosha zaidi ni suala la jina. Wimbo wangu wa pili ulitokea kwenye ukurasa wa mwimbaji wa nchi nyingine anayetumia jina kama langu, na usikilizaji wake ukahesabiwa huko. Huduma kwa wateja hupatikana kwa barua pepe tu, kwa Kiingereza, na majibu ya mwanzo yalikuwa ya mashine yakinielekeza kwenye kurasa nilizokwisha kuzisoma. Alipopatikana binadamu, tatizo lilitatuliwa haraka na kwa heshima. Kabla ya kuchagua jina la kisanii ni vyema kulitafuta katika majukwaa yote makubwa, hata kama mtaani kwako hakuna mwingine anayelitumia.

Sasa fedha zenyewe. Majukwaa ya kusikilizia hayana bei moja kwa kila mara wimbo unapochezwa. Kwa kawaida mapato ya nchi husika hukusanywa katika fungu, kisha fungu hugawanywa kwa kufuata sehemu ya kila wimbo katika usikilizaji wote. Ada ya mwezi Tanzania ni ndogo kuliko ya Marekani au Ujerumani, na wengi wetu husikiliza bila kulipa, tukivumilia matangazo. Kwa hiyo msikilizaji wa Buzuruga huniingizia kipande kidogo tu cha kile anachoniingizia Mtanzania anayeishi Houston. Spotify ilifunguliwa rasmi nchini mwaka 2021, na tangu mwaka 2024 haitoi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haukufikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia. Nyimbo zangu kadhaa ziko chini ya mstari huo, na kilichostahili kuwa changu hugawiwa wengine.

Tena wasikilizaji wangu wa karibu hawako huko. Mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni akipenda wimbo huuchukua kwa Xender kutoka simu ya rafiki yake, au hulipa kibandani akawekewa mamia ya nyimbo kwenye memori kadi, kwa kuwa bando la kusikilizia kutwa nzima lingekula faida ya mzigo wake. Boomplay ndiyo iliyojaribu kumfikia mtu huyu, kwani huja tayari ndani ya simu za Tecno na Infinix, na katika ripoti zangu ndiyo yenye wasikilizaji wengi wa Tanzania. Malipo yake ya mwezi wa kwanza, pamoja na ya majukwaa mengine yote, hayakutosha kununua seti ya nyuzi za gitaa.

Kilichobadili hesabu ni kipengele kinachouzwa kama nyongeza, yaani Content ID ya YouTube. Mfumo huu ulioanza mwaka 2007 hulinganisha sauti ya kila video inayopakiwa na hifadhi ya rekodi zilizowasilishwa na wenye haki, na ukikuta zinafanana humpa mwenye haki uamuzi: video izuiwe, ifuatiliwe tu, au iendelee kuonekana huku mapato ya matangazo yakienda kwake. Msanii mdogo hawezi kujiunga moja kwa moja. Hupitia kampuni yenye idhini, na kwangu msambazaji ndiye mlango. Kwa huduma hiyo hukata asilimia 20 badala ya 15.

YouTube ya kanda yetu imejaa chaneli zinazopakia nyimbo za watu juu ya picha moja tuli, na imejaa zaidi video za harusi. Wimbo wangu wa kumwingiza bibi harusi ukumbini ulikuwa umeshawekwa chini ya sherehe za Shinyanga, Kahama, Musoma na Bukoba bila mimi kujua, na baadhi ya video hizo zina watazamaji wengi kuliko chaneli yangu mwenyewe. Sikuona sababu ya kuzishusha, kwa kuwa aliyeuchezesha wimbo wangu harusini kwake amenifanyia tangazo. Niliacha zibaki, mapato yake yakaanza kuja kwangu, na hadi leo chanzo hicho kinazidi Spotify na Apple Music zikijumlishwa. Kwa msanii wa sherehe, na hapa simsemi msanii wa redio, kipengele hiki peke yake kinatosha kuwa sababu ya kujiunga.

Kina adha zake, hata hivyo. Mfumo haumjui mwenye mali kwa sura, hivyo ulidai mapato ya video yangu rasmi, niliyoipakia kwenye chaneli yangu, mpaka nilipoomba chaneli hiyo iingizwe katika orodha ya zilizoruhusiwa. Mpiga video ninayeshirikiana naye alipokea taarifa ya madai akadhani nimemshtaki. Ilinibidi nimfuate Nyakato kumweleza, na chaneli yake nayo nikaiombea ruhusa. Biti za kukodi ambazo huuzwa kwa wasanii wengi kwa wakati mmoja hazikubaliwi kabisa, na ni haki zisikubaliwe, kwa sababu kila aliyekodi biti ileile angekamatwa kwa wimbo wake halali.

Suala la nyimbo za asili ni zito zaidi, na fomu ya msambazaji inalipita juujuu. Nimerekodi kwa gitaa wimbo mmoja wa ngoma ambao vikundi vya ngoma vya Kisukuma, Bagalu na Bagika, wameuimba tangu kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Rekodi ni yangu, wimbo si wangu. Sehemu ya mtunzi ilikubali neno linalomaanisha wimbo wa jadi, lakini hapakuwa na namna ya kuhakikisha kwamba kikundi kitakachopakia video kutoka Bulabo, sherehe ya ngoma inayofanyika Bujora, Kisesa, kila mwezi Juni, hakitapokea madai kwa kufanana na rekodi yangu. Manju aliyerithi wimbo ule kwa babu yake hawezi kuambiwa na mashine kwamba anautumia wimbo wa mtu wa Capri Point. Wimbo huo niliuacha nje ya Content ID, na ningependa msambazaji aulize swali hilo waziwazi badala ya kumwachia kila mtu dhamiri yake.

Faida nyingine ni taarifa. Spotify for Artists na kurasa za takwimu za YouTube humwonyesha msanii miji ambamo anasikilizwa, na mimi niliyejihesabu kuwa msanii wa Mwanza nilikuta Geita ikiongoza kwa wimbo wangu mmoja wa Kisukuma, labda kwa sababu ya migodi na vijana waliohamia huko na vifurushi vikubwa vya intaneti. Nilichapisha ukurasa ule nikampelekea mwenye ukumbi wa huko. Kwa miaka yote nilikuwa nikimwomba kazi kwa maneno matupu; safari hii alisoma, akauliza bei, na tukaandikiana mkataba wenye malipo ya awali. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, msafara wa vyombo ukaacha kusubiri kivuko, na Sengerema na Geita zikawa kazi za kwenda na kurudi usiku uleule. Takwimu hizo pia zilinifundisha kutoa wimbo mwezi Mei, kabla ya msimu wa ngoma na harusi, na kuuwasilisha kwa msambazaji wiki nne kabla, kwa sababu Spotify hutaka walau siku saba ili wimbo upendekezwe kwa wahariri wao wa orodha za nyimbo.

Utoaji wa fedha ndio unaostahili alama ya chini kabisa. Ripoti huchelewa miezi miwili hadi mitatu, jambo linalovumilika kwa kuwa majukwaa yenyewe hulipa kwa kuchelewa. Kisichovumilika ni njia ya kuzitoa. Huduma za fedha kwa simu zipo Tanzania tangu mwaka 2008, lakini msambazaji huyu hulipa kupitia kampuni ya kati ya malipo, ambayo huhamishia benki, nami ndipo nahamishia simu. Kila kituo kina makato yake, na cha kwanza hubadilisha dola kwa bei inayompendeza mwenyewe. Kuna pia fomu ya kodi ya Marekani ambayo ni lazima kuijaza. Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, kwa hiyo mapato yanayotokana na watazamaji wa YouTube walioko Marekani hukatwa asilimia 30, na asiyejaza fomu anaweza kukatwa katika mapato yake ya nchi zote.

Msomaji asidhani vilevile kwamba kupakia wimbo ni kuusajili. Msambazaji hukusanya mirabaha ya rekodi. Ya utunzi, yaani ya maneno na tuni, ina njia yake na huhitaji msimamizi mwingine. Usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wa BASATA, baraza la sanaa, niliufanya mwenyewe, na cheti cha COSOTA ndicho kilichonisaidia pale chaneli moja ilipobisha kwamba wimbo ni wake.

Naipa huduma hii nyota tatu na nusu kati ya tano. Anayeimba kwenye sherehe na ana rekodi zake mwenyewe atapata zaidi ya alichotoa. Anayetegemea biti za kukodi, au anayetarajia mshahara kutoka Spotify, ni afadhali asubiri. Nimewaandikia kuomba malipo ya moja kwa moja kwa simu, wakajibu kwamba maoni yangu yamepokelewa. Kwa sasa naacha fedha zikusanyike na kuzitoa mara mbili tu kwa mwaka ili makato yapungue, na nyimbo za msimu ujao zimekwisha kuwafikia, safari hii kava zake zikiwa hazina namba ya simu; namba nimeiweka katika maelezo ya video, ambako hakuna anayeikataza.